Kikao cha Kukabidhi Bonde

Paukwa!
Pakawa, bibi!
Mmekaa?
Tumekaa!
Anayesinzia?
Mfinyeni!

Basi. Hapo kale Kiboko aliletwa na mafuriko, akaomba kupoza mgongo bondeni kwa kina Pimbi. Akapoza, akapoza, mwisho akasema bonde lake. Majani yote mororo akala yeye, kwaru, kwaru, kwaru. Kina Pimbi wakabaki juu ya mawe, wanalamba umande.

Kila masika Bi Pimbi alishuka kudai. Kila masika Kiboko akamjibu, "Nitawakabidhi, bibi. Ila hamjakomaa. Tuonane masika."

"Haya," anasema Bi Pimbi, anapanda mawe, magoti yanamuuma. Alianza safari hizo akiwa mwari. Sasa ana wajukuu, na hawajakanyaga jani.

Masika hayo akashuka na swala, nyumbu na nyati, na watoto wao.

"Hawa nani?"

"Mashahidi, bwana mkubwa. Makabidhiano bila mashahidi? Ila kwanza waambie, mwenyeji hapa nani?"

"Mimi! Nani mwingine?"

"Haya. Na mwenyeji hali mpaka wageni washibe. Desturi yetu sote hiyo."

Kiboko akacheka, puuh! "Kuleni!"

Wakala, kwaru, kwaru.

"Sasa tuongee," akasema Kiboko.

"Nyumbu hajashiba," akasema Bi Pimbi. "Halafu hatujapatana nani akae wapi."

Wakajadili nani akae wapi. Wakachoka, wakala. Wakajadili nani afungue kikao. Wakachoka, wakala. Bi Pimbi hana haraka, kusubiri alishakuzoea. Tumbo la Kiboko likaanza, gurrr, gurrr. Akinyoosha mdomo kwenye jani, nyati wanakohoa: "Mwenyeji! Huoni haya?"

Mwisho akapiga yowe. "Mwenyeji gani mimi? Mimi mgeni! Nimeletwa na mafuriko, wote mnajua! Nipeni jani nife nimeshiba!"



Bi Pimbi akakata majani, akamwekea mbele. "Karibu, mgeni wetu. Kula. Haya, unaondoka lini?"

Mdomo umejaa, Kiboko atajibu nini? Nyati wakamsindikiza kwa pembe mpaka mtoni. Chubwi!

Wajukuu wakateremka mbio, wakipiga vigelegele. Bibi yao walimkuta kwenye majani, amelala fofofo, jani mdomoni hata hajalitafuna.

Basi wanangu, mafunzo ni haya: mgeni akija kwenu, msimwulize hata siku moja anaondoka lini. Ni utovu wa adabu.

Hadithi imefika, na mimi hoi. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.