Sahani ya Bati ya Tusekile

Sahani tupu haimtaji mlaji. Mmenisikia nikimwambia hivyo binti yangu kwenye simu, na wewe Gwakisa ukacheka ukadhani nimetunga sasa hivi. Sikutunga. Methali hii ina siku yake na mahali pake, na mimi nilikuwepo. Kaeni niwaambie ilivyoanza. Majani hayo ya chai hayatakimbia.

Wakati huo mimi na marehemu mke wangu, Subilaga, tulikuwa vibarua kwenye shamba kubwa la chai, lile la ng'ambo ya mto. Yeye alichuma majani. Mimi nilikuwa kiwandani, kwenye vyumba vya kunyaushia majani. Tulikaa kambini, chumba kimoja, na mtoto wetu wa pekee, Tusekile, huyohuyo niliyekuwa naongea naye. Alikuwa na miaka mitano.

Mwanzoni kambi ilikuwa na chumba cha watoto. Bibi mmoja aliwapikia uji saa nne na kuwaangalia mpaka wazazi watoke kazini. Akaja meneja mpya, akakuta mbolea inalowa mvua, na mvua ya huku mnaijua wenyewe. Badala ya kujenga ghala akatoa watoto, akaingiza mbolea. Mbolea ikapata paa. Akakataza pia mtu kwenda shambani na mtoto, maana wageni wanaonunua chai hawapendi kuona mtoto kwenye mistari ya michai. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini hilo halikuhitaji shule kulielewa. Mtoto asionekane. Alipo, si shida yao.

Nilikwenda kwa nyapara kuomba zamu ya usiku, ili mmoja wetu awepo nyumbani mchana.

"Ambokile," akaniambia, "zamu hapa hazipangwi kwa ajili ya wake zenu. Kama umemkumbuka mkeo, subiri Jumapili."

Waliokuwepo wakacheka. Nikarudi kwenye majani yangu.

King'ora kililia saa kumi na mbili asubuhi. Kabla hakijalia, Subilaga alikuwa ameshapika, leo ndizi na maharage, kesho viazi, akapakua kwenye sahani ya bati yenye maua mekundu na kuifunika kwa sahani nyingine. Tusekile aliambiwa, jua likifika kizingitini, kula. Kisha tukaondoka, na mara nyingi mtoto alikuwa bado amelala.

Jioni tukirudi, kitu cha kwanza mke wangu kutazama kilikuwa ile sahani. Ilikuwa tupu kila siku, hata mchuzi umefutwa.

"Amekula," anasema.

"Amekula," nasema na mimi.

Roho zinatulia. Mtoto tulimkuta anasinzia, anakula vijiko viwili vya jioni na kulala. Tuliona sweta limeanza kumpwaya. Tukaambiana kwamba anarefuka, na mtoto akirefuka hukonda. Huo ulikuwa ujinga wetu. Lakini mtu aliyesimama masaa kumi na moja ana akili gani jioni?

Sasa, kambini kulikuwa na desturi. Siku ya kufunga msimu, kabla baridi ya mwezi wa sita haijakaza, watoto waliruhusiwa kuja kwenye banda la mizani. Unamweka mtoto ndani ya kikapu cha chai, karani anakitundika kwenye ndoano, anasoma kilo kwa sauti, watu wanacheka. "Huyu chai ya daraja la kwanza." "Huyu ana mabua mengi, rudisha." Kila mama alikumbuka kilo za mwanawe za mwaka uliopita. Tusekile mwaka huo uliopita alikuwa kilo kumi na saba.

Zamu yetu ikafika. Karani akatundika, akatazama, hakusoma. Akashusha kikapu, akatundika tena.

"Soma, karani," watu wakasema.

"Kumi na tano," akasema.

Mimi nikaruka kabla ya mtu mwingine. "Mizani yenu imeharibika. Hata majani yetu mnatupunja hivyohivyo."

Karani alikuwa mtu mpole. Alichukua lile jiwe la chuma la kupimia, la kilo ishirini, akalitundika mbele yangu. Mizani ikasoma ishirini. Hapo hakuna aliyecheka tena.

Meneja alikuwepo siku hiyo, amekuja kufunga msimu. Akasogea.

"Baba analipwa, mama analipwa," akasema. "Mtoto mnamnyima chakula?"

"Bwana meneja, chakula tunamwachia," nikasema. "Sahani tunaikuta tupu kila jioni."

Subilaga hakusema na meneja. Alipiga magoti, akamtoa mtoto kikapuni.

"Tusekile, mwanangu. Chakula ninachokuachia, nani anakula?"

"Kina Asajile."

"Wanakunyang'anya?"

"Hapana. Nawapa."

"Unawapa chote?"

"Mimi naonja."

"Kwa nini unawapa, mama?"

Mtoto akamwangalia kama mtu anayeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua. "Wakila hawaondoki," akasema. "Chakula kikiisha nalamba sahani, tunacheza. Nisipowapa wanaenda mtoni, nabaki na mlango."

Asajile alikuwa mtoto wa hapohapo kambini, wa miaka tisa. Wenzake wawili walikuwa hivyohivyo, na wenyewe njaa iliwatuma, maana kwao hakuna aliyebaki wala kilichobaki.

Meneja akapumua. Alikuwa amepata wa kumbebesha lawama.

"Basi tatizo ni hao watoto wakorofi," akasema. "Nyapara, nitafutie wazazi wao."

Hapo ndipo mke wangu alipoinuka. Hakuwa mwanamke wa kelele.

"Usimsumbue nyapara, bwana meneja. Wazazi wao wako hapa wote, wana vikapu mgongoni. Walikuwa wanachuma chai yako." Kisha akanigeukia mimi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Na sisi, baba Tusekile, sahani tupu haimtaji aliyekula. Mwaka mzima tumeiuliza sahani. Mtoto hatukumuuliza."

Meneja akasema hayo ni mambo ya nyumbani, tuyamalize nyumbani. Akapanda gari lake.

Jioni ile Subilaga alipika mapema. Akapakua kwenye sahani ileile ya maua mekundu, akaiweka mbele ya mtoto, akakaa chini kumtazama akila. Tusekile akachukua tonge moja. Halafu akaisukuma sahani mpaka kwenye magoti ya mama yake.

"Kula wewe, mama," akasema. "Kula, ukae."

Mimi nilitoka nje kidogo.

Msimu ulipofunguliwa, wanawake walikuja asubuhi na watoto wao, wakawakalisha kwenye kile chumba chao cha zamani, juu ya magunia ya mbolea, mlango wazi, nao wakasimama pembeni bila kwenda mistarini. Meneja alitishia kuwafukuza. Lakini jani la chai halijui vitisho, likipita siku zake linakomaa na kuwa kuni. Siku ya tatu chumba kikatolewa nusu, nusu ya watoto, nusu ya mbolea. Bibi akarudi na sufuria yake. Hawakuwahi kusema walikosea. Wakubwa hawasemi neno hilo, hata sasa.

Watu wa kambi wakalichukua lile neno la mke wangu, wakalifupisha. Zahanati ikiishiwa dawa na wakubwa wakituonyesha maboksi matupu kwamba tulishapewa, mtu nyuma anasema, "Sahani tupu haimtaji mlaji." Likatoka kambini, likavuka mto, likafika mpaka huku kwa wazee wenu, ingawa ninyi mnacheka.

Sasa leo. Tusekile yuko Mbeya, yeye ofisini, mumewe benki, wanatoka gizani wanarudi gizani. Nimemuuliza mtoto wake anakulaje. Akanijibu, "Baba, usihofu. Dada wa kazi kila mchana ananitumia picha ya sahani. Imemalizwa kabisa."

Hapo ndipo nilipomwambia lile mlilolisikia. Na wewe Gwakisa usiniulize kwa nini nilisema kwa ukali. Mama yake hayupo wa kulisema kwa upole.

Tusekile akaniuliza swali moja tu, kama mama yake alikula jioni ile ya mizani.

Nikamwambia alikula, na alikaa.

Akasema kesho mchana atarudi nyumbani, ofisi itafute la kusema. Basi, ndiyo hiyo mliyoitaka. Sahani tupu haimtaji mlaji.