Chui wa Vipande Vitatu

Kwanza mniapie. Wote. Na wewe uliyejibanza mlangoni kama kuku anayetafuta pa kutagia, apa na wewe! Semeni hivi: "Nikilitoa neno hili nje ya ua huu, ugali wangu usiive mpaka nife." Mmesema? Haya. Na mimi niliapa hivyohivyo, na sasa nionavyo nitakula uji maisha yangu yote, hahaaa! Lakini mimi ni mtani wa hao nitakaowasema. Mtani hafungwi mdomo.

Basi pale Mlimbila, ukingoni mwa pori la akiba, kuna watu watatu, na kila mmoja Mungu kampa chake.

Mihambo kapewa macho ya ardhini. Alikuwa mwindaji huyo, zamani kabla pori halijafungwa. Jani likilalia upande, yeye anajua nani kapita, na kama kapita na njaa au kashiba. Ila kutulia hawezi. Tumbaku imemla kifua. Akikaa kidogo tu, koho koho koho, kanga wote wa porini wanaruka.

Kalunde, dada yake tumbo moja, kapewa utulivu. Yule mwanamke akikaa, kakaa. Njiwa wanamdhania kisiki. Mumewe alimrudisha kwao, akasema, "Mimi siwezi kuishi na mke asiyegombana, naona kama niko peke yangu nyumbani." Jamani! Mnalisikia hilo? Kwa hiyo akawa anakula kwenye chungu cha kaka yake, na wifi anamhesabia matonge kwa macho.

Wa tatu ni bibi Nyamizi, jirani yao. Huyo kapewa moyo basi. Moyo, beberu mmoja, mbuzi jike mmoja wa maziwa, na kijukuu chake Shija, ambaye mama yake alifariki kabla hajamwachisha ziwa. Kile kitoto kimekuzwa na yule mbuzi. Kikimwona kinamwita mama. Msicheke, hapo hapachekwi.

Sasa akaja mwalimu, anaitwa Lwitiko, mtu wa Mbeya, na kamera zake shingoni kama hirizi. Kaja kufundisha vijiji vya kando ya pori kupiga picha za wanyama. Mimi nilimuuliza mbele ya watu, "Mwalimu, mnyama humli, humuuzi, picha ya nini? Anataka kitambulisho?" Weee, watu walicheka mpaka mwenyekiti akaanguka na kiti!

Lakini Mihambo na Kalunde walikwenda. Darasa lilikuwa kwenye ghala la tumbaku. Wakafundishwa: usiende na silaha. Jua liwe mgongoni. Usimfuate mnyama, mngoje. Ukibonyeza, zuia pumzi. Na ikawa vituko, maana Mihambo alirudi siku moja na picha ya swala akawa anamwonyesha kila mtu, hata mimi. Akaniambia, "Nimeua swala ujana wangu wote. Sikuwahi kumwona kope. Kumbe ana kope!" Machozi yanamlengalenga, mwanaume mzima. Nikamwambia kope hata mimi ninazo, mbona hulii? Hahaaa!

Mwalimu akasema, picha itakayoshinda vijiji vyote, mwenye picha atapewa kamera iwe yake, na kazi kwenye kambi ya wageni, awe anawapeleka porini kupiga picha. Mtu mmoja. Jina moja. Mnasikia? Moja. Hapo ndipo shetani alipovuta kigoda akakaa.

Haikupita muda, chui akaingia kwa bibi Nyamizi, akabeba beberu.

Watu wakajaa uani. Kwetu mnajua dawa yake: unautafuta mzoga, unaupaka sumu, chui akirudi kumalizia, kwisha habari yake. Sumu ikaletwa, akapewa bibi mkononi, maana mzoga ni wa mwenye mbuzi, hakuna wa kuugusa bila yeye. Ukabaki mzoga wenyewe kutafutwa.

Mihambo akaingia kichakani peke yake, mikono mitupu, kwa sababu mwalimu alisema hakuna silaha. Wawindaji wenzake wakamzomea, "Nenda ukampose chui kwa picha!" Akafuata damu, akafuata manyoya, akafuata mburuzo mpaka kwenye mkuyu wa bondeni. Beberu yuko juu ya tawi. Na chini, kwenye nyasi, chui jike kamkodolea macho na watoto wawili nyuma yake. Akamngurumia. Mihambo hakukimbia, alijua akikimbia kafa. Akarudi kinyumenyume, kikohozi kakibana kifuani mpaka akatapika alipofika nyumbani. Bila yeye, nani angejua ule mti?

Bibi Nyamizi akasikia, akafungua kile kichupa cha sumu. Kalunde akampigia magoti.

"Bibi, niachie mzoga. Kesho tu."

"Ili iweje, mjukuu wangu?"

"Atakuja kula na watoto wake. Nimpige picha."

"Na akirudi kumchukua jike langu?"

Kalunde akabaki amepiga magoti palepale. Bibi akakaa na kichupa mkononi, majirani wanamkaripia, "Paka, bibi, paka!" Akauliza, "Hao watoto wake ni wadogo?" Mihambo akasema, "Bado wananyonya." Bibi akamwaga sumu chooni. Bila yeye, asingekuwepo chui wa kupigwa picha, kungekuwa na mizoga mitatu na nzi.

Kesho yake jua lilipolegea, Kalunde alikuwa kakaa mkabala na mkuyu, kamera usoni. Siafu wakampata. Wakaingia miguuni, wakapanda tumboni, wakafika shingoni. Mimi siafu mmoja tu akiniuma navua nguo hadharani, mnanijua! Yeye hakutikisa hata kidole. Chui akaja, akashusha nyama, mtoto mmoja akarukia nyama, mwingine akarukia titi, mama akainua kichwa kuelekea jua, na Kalunde akazuia pumzi, akabonyeza. Makovu yale yako shingoni kwake mpaka leo kama shanga. Bila yeye, nani angekaa?

Na chui, ameshajua njia sasa. Siku chache tu baadaye akarudi kwa bibi Nyamizi. Akachukua jike la maziwa.

Eeh. Nyamazeni kwanza.

Picha ikashinda. Mwalimu Lwitiko akaja nayo kubwa kama sinia, na kamera mpya kwenye sanduku. Kijiji kizima ngoma. Akauliza, "Niandike jina la nani?"

Mihambo akasema, "Langu. Mti niliuona mimi."

Kalunde, ambaye hagombani, siku hiyo akasema, "Kaka, mti si picha."

"Nani kakulisha mpaka ukaweza kukaa?"

"Na nani kakaa?"

Bibi Nyamizi akasema polepole, "Hiyo kamera nipeni mimi, niiuze, ninunue mbuzi."

Wote wawili wakamgeukia. "Kuuza! Bibi, kamera iuzwe?" Mara ya kwanza na ya mwisho siku hiyo walikubaliana. Hahaa, lakini hiki kicheko changu kina ndimu ndani yake.

Ndipo Mihambo akasema, tufuate desturi. Kwetu nyama ikianguka, aliyeona nyayo anapewa kichwa, aliyeipiga anapewa mguu wa nyuma, na mwenye ardhi iliyoangukia anapewa mbavu. Hakuna ugomvi, babu zetu wamekula hivyo. Akachomoa kisu, na kabla mwalimu hajameza mate, akaikata ile picha! Jamani, akamchinja chui wa karatasi mbele ya watu! Kichwa akachukua yeye. Miguu ya nyuma na mkia akamrushia dada yake. Bibi akapewa ubavu, na katoto kamoja ka chui bado kananing'inia kwenye titi.

Mwalimu akajishika kichwa. "Mihambo, picha haina mnofu!"

"Basi na kamera tuikate," Mihambo akasema. Na alikuwa hatanii.

Mwalimu akaifunga kamera kwenye sanduku, akamwachia mwenyekiti. Akasema, nitarudi mkianza kuvuna tumbaku. Nikikuta jina moja, nampa. Nikikuta kelele, inakwenda kijiji cha pili, na kazi yake.

Tumbaku ndiyo hiyo, imeanza kukomaa majani ya chini.

Usiku wa siku ile ile wifi alitoa chungu cha Kalunde nje ya mlango. Mnajua maana yake: kafukuzwa. Sasa analala kwenye banda la kukaushia tumbaku, na ile kazi ndiyo paa lake akiipata. Mihambo kabandika kichwa cha chui ukutani, na wawindaji wenzake hawamkaribishi pombe, wala porini haruhusiwi kurudi. Akiikosa kamera, si mwindaji, si mpiga picha, kabaki kikohozi tu. Walikuwa wanaonyeshana swala mwenye kope, wale ndugu. Leo wakikutana njiani, mmoja anaingia shambani kwa watu.

Haya, nyie mnaojifanya mna akili. Aliyeuona mti, aliyeumwa na siafu, na aliyemwaga sumu. Ukimtoa mmoja, picha hakuna. Jina ni moja. Je, wewe ungemwambia mwenyekiti aandike la nani? Na hao wawili wengine, ungewatazamaje usoni?

Usinijibu haraka. Tafuna kwanza.

Mnauliza nani kanihadithia? Ni bibi Nyamizi mwenyewe, jana kisimani, Shija yuko mgongoni. Kanisimulia yote bila kumlaani mtu. Alipomaliza akajitwika ndoo, akapiga hatua kidogo, akageuka akaniuliza kama nyumbani nina maziwa.