Kwa Nini Amiba Hana Umbo

Kabla binadamu hajajua kuchukua tone la maji ya bwawa na kulichungulia kwa hadubini, Amiba alikuwa na umbo. Tena umbo la kujivunia, jamani! Uso wa duara, mikono myembamba, gamba linalometameta. Kila kiumbe bwawani alimtambua kwa mbali. Naye alijua kuringa, msimwone leo yuko kama uji uliomwagika.

Mwaka mmoja mvua iligoma. Maji yakapungua, matope yakaanza kupasuka. Jua likiwa la utosi, Amiba akageuka: mwanawe, Chembe, hayupo. Alikuwa amefuata ubaridi ndani ya ufa wa jiwe, maji yakashuka, yakamwacha humo na kidimbwi kisichotosha kulowesha kidole.

"Mama, maji yanaisha!" mtoto alilia.

Amiba akajitosa. Gamba likakwama. Akasukuma, likakwama zaidi. Jirani yake, bibi Konokono, akamwambia, "Mwanangu, jiwe halina huruma. Ama uingie bila gamba, ama ukae hapa umsikilize mpaka anyamaze."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Amiba akalivua gamba. Mikono ikazuia, akaing'oa. Uso nao haukupita, akaubandua pamoja na mdomo wake, akauacha juani. Kilichobaki kilipenya polepole, kikitanguliza kiguu huku, kiguu kule.

Sasa, katika bwawa lile maji yalikuwa ya tope, na desturi yao ilikuwa mtoto kumjua mama kwa kumpapasa uso. Chembe akapapasa. Akapapasa tena. Hakupata shavu wala paji.

"Wewe si mama! Niache!" Akarudi nyuma, kulikokauka.

Amiba alitaka kusema, ni mimi. Mdomo ulikuwa nje. Na jua lilikwisha kuingia ufani, ngozi ya mtoto ilianza kukunjamana.

Hakungoja. Akamzunguka pande zote, akamfumbata mzima mwilini mwake, akajivuta naye hadi penye kina. Alipomfungua, Chembe alikuwa hai. Moyo wa Amiba ulijaa furaha, lakini haikudumu. Mtoto alichomoka kwa hofu, akapotelea majini akimlilia mama yake. Amiba akarudi mbio kuutafuta uso wake, akakuta umekuwa vumbi.

Na tangu siku hiyo Amiba hana umbo. Ukimchora, kabla hujainua kalamu amekuwa mwingine. Anayetaka kumtambua kwenye tone la maji asitafute sura, atazame mwendo: kile kiguu kinachotangulia, na mwili unaofuata nyuma. Tena kila kidudu anachokutana nacho hukizunguka na kukifumbata. Waliosoma husema anakula, na kweli hula, maana njaa haina msiba. Ila kabla ya kula hutulia kidogo, akisikiliza kama kitaita mama.