Chozi la Pili Kijitini

Paukwa!

*Pakawa!*

Kichakani kwa nani?

*Kwa mwenyewe!*

Na mwenyewe yuko wapi?

*Katoka, atarudi!*

Basi hapo zamani za kale paliondokea Digidigi na mumewe. Mwamjua digidigi: akishampata wake, ni huyo huyo mpaka kufa. Kila asubuhi walipangusia machozi yao kwenye kijiti cha mlangoni, chozi la mke, chozi la mume. Hiyo ndiyo alama ya nyumba yao.

Ukaja moto wa nyika, wakapotezana. Ulipozimika, Digidigi akarudi peke yake. Akanusa kijiti. Chozi la mume limekauka. Akawa hali, halali, analia tu, "Mume wangu, uko upande gani?"

Akamwendea Nguchiro, mpiga ramli. Nguchiro alikuwa na nusu nne za mbegu, upande mmoja nyeupe, upande mmoja nyeusi.

"Shemeji, nyika ina njia ishirini," akasema. "Tutaziuliza zote. Njia itakayotoa nyeupe nne, ndiko aliko."

Akarusha. Ya kwanza, hapana. Ya pili, hapana. Ya tisa, nyeupe zote nne! Digidigi mbio, siku tatu. Akakuta mawe matupu.

Akarudi, wakarusha tena. Ya kumi na saba ikakubali. Mbio, siku tatu. Akakuta kisima kikavu.

Akarudi, wakarusha tena. Ya nne ikakubali. Mbio, siku tatu. Hata unyayo hakuna.

Alipofika nyumbani akanusa kijiti. Chozi la mumewe, la jana! Alikuja, akakuta nyumba tupu, akaenda kumtafuta. Jamani, uchungu ulioje!

Akamkimbilia mpiga ramli. "Nguchiro, rusha!" akalia. "Rusha upesi!"

Bibi Kakakuona alikuwa hapo akila mchwa. Akasema, "Ngojeni. Niulizieni kwanza mama yangu yuko njia gani."

"Mama yako si tulimzika sote?" Nguchiro akashangaa.

"Wewe rusha."

Akarusha. Ya kumi na nne, nyeupe zote nne! Kakakuona akacheka mpaka magamba yakalia.

"Kumbe mama kafufuka! Mwanangu, ukiuliza njia moja, nyeupe nne ni jambo. Ukiuliza ishirini, mojawapo itakubali kwa bahati tu. Maswali yakizidi, kaza sharti. Njia isikutoe nyumbani mpaka ikubali mara tatu mfululizo."

Wakarusha. Ya sita ikakubali. Wakairudia, ikakataa. Hakuna njia iliyofika mara tatu.

Digidigi alitamani kukimbia hivyo hivyo, miguu ikimwasha. Lakini akakaa. Kila asubuhi akapangusa chozi kijitini, akasema, "Mimi nipo."

Mvua zikanyesha, nyasi zikaota, bado anamngoja. Asubuhi moja alikwenda kula majani hapo nyuma tu. Aliporudi, kando ya chozi lake palikuwa na chozi la pili, bado linatiririka. Na kando ya kijiti, pembe mbili fupi zilizoungua.

"Mke wangu," akasema mwenye pembe, "leo nimekukuta."

Ndiyo maana digidigi hadi leo hupangusia machozi kijitini wala haendi mbali. Nanyi jueni: anayeuliza mengi hujibiwa "ndiyo" asiyoistahili, na kila "ndiyo" ya uongo ina nyumba inayoiacha tupu.

Ngano yangu imefika mlangoni kwake. Ikiwa tamu, ondokeni nayo. Ikiwa chungu, niachieni mimi niliyeipika.