Matanga ya Mkia wa Pelele

"Mliokuja, mpo?"

"Tupo."

"Na masikio?"

"Mawili mawili."

"Mwenye matatu akarudishe la jirani. Naanza."

"Anza, tunameza mate."

Jumanne moja, saa nne asubuhi, jiwe lilianguka kutoka juu ya mlima, gudu-gudu, gudu-gudu, pu! Likaangukia nyumba ya Bi Pelele, yule mnyama mdogo wa majabali. Bi Pelele alitoka mzima. Mkia wake haukutoka. Ndiyo sababu pelele hana mkia, na mwenye habari tofauti alete shahidi.

Bi Pelele alikuwa mlinzi wa mlima. Kazi yake ilikuwa kukaa juu ya mwamba na kutazama. Akiona hatari hulia "kwii!", na majirani wote huacha walichoshika na kuingia kwenye nyufa. Sheria ya mlima ni kukimbia kwanza bila kuuliza. Waliowahi kuuliza wako tumboni mwa tai.

Baada ya jiwe lile, Bi Pelele alirudi kazini. Siku ya kwanza Mjusi aliteleza, akaanguka, ka! Bi Pelele akawaza: Mjusi ameanguka kwa sababu mwamba unatikisika. Mwamba unatikisika kwa sababu mlima unapasuka. Mlima ukipasuka, jua litatumbukia kwenye ufa, na sisi tutafia gizani. Akalia, "Kwii!" Majirani wakakimbia, vyungu vikabaki motoni. Nyani akashuka kutoka kileleni, nyam nyam nyam, akala, akaondoka.

Kesho yake kokwa lilianguka, ka! Kokwa, mwamba, mlima, jua, giza. "Kwii!" Majirani wakakimbia. Nyani akashuka, nyam nyam nyam, akala, akaondoka.

Siku iliyofuata Bi Pelele alipiga chafya yake mwenyewe. "Kwii!" Nyani akashuka.

Huyu Nyani alikuwa na mabega mapana na tumbo lisilojua kushiba. Kila asubuhi alikwenda kumpa pole mlinzi. Alikaa karibu naye, akamwuliza kama ameliona lile jiwe jingine, lile lililoinama. Alisema yeye hasemi kitu, ila angekuwa yeye, asingelala. Kisha alipanda juu na kokoto mkononi, akawa anazidondosha moja moja.

Majirani walichoka kulala njaa. Wakakutana. Mama Nungunungu, aliyepata hasara kubwa ya chakula kuliko wote, ndiye aliyetangaza uamuzi: kesho wataanua matanga, msiba wa ule mkia uishe, watapika maharage ya nazi, na mlinzi akilia tena bure, ahame. Bi Pelele hakuwa na mlima mwingine.

Asubuhi ya kuanua matanga akaja Nguchiro. Alikuwa mtani wa ukoo wa Mapelele, na mtani ana ruhusa ya kutania hata msibani. Alianza kuomboleza tangu mbali. Alipofika akageuka, akapunga mkia wake mbele ya uso wa mfiwa, akamwuliza kama bado anakumbuka kitu hiki kinaitwaje. Kisha akajilaza kando ya lile jiwe, akadai kwamba yeye ndiye marehemu mkia na haamki mpaka apewe maharage. Majirani wakainamisha nyuso kuficha kicheko. Bi Pelele hakucheka.

"Mtani," alisema, "jiwe lingine litaanguka."

"Kisha?"

"Litanipiga."

"Kisha?"

"Nitakufa."

"Kisha?"

"Mtanizika, mtakula maharage."

"Kisha?"

"Wewe utakula kupita kiasi."

"Kisha?"

Bi Pelele akafikiri. "Utajamba, na watu watadhani mlima unapasuka."

Hapo akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile.

Ka! Kitu kilianguka nyuma yake. Kinywa kikamfunguka tayari kwa kulia. Akajiuliza: kisha? Akageuka, akatazama. Ilikuwa kokoto. Akafunga kinywa.

Ka! Nyingine. Safari hii alitazama juu, akaona mkono wa Nyani. Akamnong'oneza mtani wake.

Nyani alisubiri mlio. Harufu ya maharage ilimfikia, mlio haukumfikia. Akashuka mwenyewe, mkono mmoja umefumbata kokoto, akauliza kwa upole mbona dada yake halii na mlima unaanguka.

"Nimesikia, kaka," alisema Bi Pelele. "Sisi wadogo tuna nyufa. Nakuhurumia wewe. Kichwa hicho kitaingia ufa gani?"

Nyani akajishika kichwa. Akasema yeye atapanda mti.

"Kisha?" akauliza Nguchiro.

"Mti... utang'oka."

"Kisha?"

"Utaangukia mtoni."

"Kisha?"

"Mtoni mna mamba."

Hakukuwa na haja ya Nguchiro kuuliza tena, Nyani aliendelea peke yake. Mamba atammeza. Tumboni mwa mamba mna giza. Hamna maharage. Bi Pelele alikuwa na uzoefu wa safari hizo na sasa alijua njia ya kurudi. Nyani alikuwa mgeni.

Mjusi akateleza, ka!

"Kwii!" alilia Nyani. Akakimbilia ufa wa kwanza. Kumbe kichwa kiliingia, makalio ndiyo yaliyokataa. Majirani nao, kwa sheria ya mlima, wakakimbilia ufa uleule, wakakuta mlango umezibwa. Kwa kuwa hawakuwa na pa kuingia, wakauliza kuna nini. Hawakuwa wamewahi kuuliza kabla ya hapo.

"Ni Mjusi," alijibu Bi Pelele kutoka juu ya mwamba. "Na huyo mwenye kokoto mkononi ni Nyani."

Mama Nungunungu aliutazama ule mkono. Akachukua mwiko. Pa! Akampa mwiko jirani aliyefuata. Pa! Mwiko ukazunguka nyumba kwa nyumba, mpaka Nyani akachomoka na kukimbia. Ndiyo sababu makalio ya nyani ni mekundu. Mwenyewe hajayaona mpaka leo.

Basi, funzo ni hili: mwogopeni Mjusi, sikilizeni kila anayewapa pole asubuhi, na mtani akija msibani, mfungieni mlango.

"Mzigo wa hadithi nimeutua. Nani anaubeba?"

"Sisi, ni mwepesi, hauna mkia."

Jioni ile Mjusi alianguka tena. Bi Pelele alishtuka, akageuka, akatazama, akarudi kula. Maharage yalikuwa bado ya moto.