Kibiriti cha Mkunga

Kupotea njia ndiko kujua njia. Wanaoisikia methali hii juujuu hudhani iliwekwa kuwafariji wazembe. Sivyo. Maana yake ni kwamba mtu aliyekosea, akakiri kuwa amekosea, kisha akageuka kuitafuta njia, huijua safari kuliko yule ambaye hajawahi kukanyaga nje ya mlango wake. Yalimpata haya fundi saa mmoja, na shahidi wake wa kwanza ni mkewe mwenyewe.

Fundi huyo watu walimwita Tiki, kwa sababu ya sauti za saa zilizojaa kibandani mwake. Alikuwa mwembamba kama sindano, mwenye vidole vyepesi na shingo ngumu. Saa iliyokata roho mikononi mwa wengine ilifufuka mikononi mwake. Lakini dunia haisimami. Watu walianza kutazama saa kwenye simu zao, na wateja wakapungua kama maji ya mtungi uliotoboka. Siku alipofunga kibanda, alirudi nyumbani na kiti chake cha kazi begani, akakiweka penye dirisha la sebuleni, akakaa. Tangu hapo kukaa kukawa ndiyo kazi yake. Chai ilimpoea mkononi, na ukimuuliza jambo, jibu lilikuja baada ya wewe kusahau swali.

Mkewe alikuwa mkunga mstaafu, pandikizi la mwanamke, mwenye cheko la kutikisa vikombe kabatini. Maishani mwake hakuogopa damu wala giza, lakini ukimya ule wa mumewe ulimtia baridi ya mifupa.

Uani kwao, chini ya turubai, kilikaa Kibiriti. Hiki kilikuwa kigari cha zamani cha milango miwili, kilichoundwa kwa ajili ya watu wa kubana matumizi. Kilikunywa mafuta kama ndege anavyokunywa maji, na injini yake ililia kama cherehani. Kwa kigari hicho mkunga aliwafikia wajawazito katika kila uchochoro, na wapo watoto waliokosa subira ya kufika hospitalini, wakazaliwa kwenye kiti cha nyuma. Nusu ya vijana wa mtaa ule wangeweza kukiita Kibiriti mama mdogo.

Asubuhi moja gari la ajabu lilipita barabarani. Lilikuwa limeshushwa mpaka likakaribia kuibusu lami. Paa lake lilikuwa limekatwa na kufupishwa, tairi za nyuma zilikuwa pana kama mapipa, na injini ilichungulia nje ya boneti ikinguruma. Tiki aliinuka ghafla, chai ikamwagika. Alikimbia mpaka getini, ndara moja mguuni na nyingine imebaki ndani.

"Mama watoto! Umeliona?"

"Sikuliona, nimelisikia kwa meno," mkunga akajibu.

"Lile lilikuwa gari dogo kama Kibiriti. Mtu amelikata, amelishusha, amelitia moyo mpya. Nipe Kibiriti, nikitengeneze hivyo."

Mkunga alilitazama turubai. Kile kilikuwa kigari chake, na ujana wake wote ulikuwa mle ndani. Kisha akamtazama mumewe, aliyesimama wima huku macho yakimeta kama ya mtoto aliyeona pipi. Alikuwa hajayaona macho yale tangu kibanda kifungwe.

"Chukua," akasema. "Lakini sijakupa ukakigeuze banda la kuku. Kitanirudia kikitembea, na dereva ni mimi."

"Ahadi ni deni."

"Na mimi ni mdai mbaya."

Mkunga alikuwa na mdogo wake wa kiume, fundi wa malori, aliyejulikana kwa jina la Spana. Alipopata habari alikuja mbio, akamkuta Tiki juu ya Kibiriti, msumeno wa chuma mkononi, paa limekwisha kukatwa. Hapakuwa na kurudi nyuma tena.

"Shemeji, gari si saa," Spana akasema. "Ngoja tushirikiane. Vitu hivi vina uzito."

"Nimefunga magurudumu madogo kuliko jicho la sisimizi. Haya makubwa ndiyo yatanishinda?"

"Sikusema yatakushinda. Nimesema yana uzito."

"Asante, shemeji. Kwaheri, shemeji."

Spana akaenda zake akicheka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Tiki alinunua injini ya pikapu iliyopinduka, akaisukumiza ndani ya pua ya Kibiriti kama mtu anayelazimisha mguu kuingia kwenye kiatu cha mtoto. Siku ya kuiwasha, majirani walijaa uani. Hata dobi wa nyumba ya pili aliacha pasi yake. Injini iliamka kwa kishindo, njiwa wakaruka juu ya mabati, na Tiki, kwenye kiti cha dereva, akainua mikono kupokea pongezi. Hapohapo springi za mbele zikalia kwaa! Kibiriti kikainama taratibu, kikainama tena, mpaka pua ikagusa ardhi na tairi za nyuma zikaning'inia hewani.

"Kinaomba radhi!" dobi akapiga kelele, na watu wakacheka wakashikana mabega. Mkunga naye alicheka mpaka machozi, kisha akaona haya, akaenda kumsaidia mumewe kushuka.

Tiki hakukata tamaa. Aliirudisha injini nyuma mpaka karibu na magoti ya dereva, akairefusha chasisi kwa mbele, akachomelea springi ngumu na kufunga ekseli pana nyuma. Spana hakuitwa. Safari hii Kibiriti kilisimama sawasawa, kifua mbele kama jogoo. Tiki akakitoa uchochoroni, akakanyaga mafuta, na kigari kikaruka! Kilikwenda kama mshale, naye akashangilia kwa sauti ambayo mkewe, aliyesimama getini, hakuwahi kuisikia.

Kisha akakanyaga breki.

Breki zilikuwa zilezile za zamani, za wakati injini ilipolia kama cherehani. Ilikuwa kama kumfunga fahali kwa uzi. Kibiriti kilipita katikati ya kamba za dobi, kikatokea upande wa pili kimejivika mashuka meupe kama bibi harusi, na kikaja kusimama kwenye rundo la mchanga wa mjenzi. Hakuna aliyeumia. Lakini Tiki alipojifunua shuka usoni, aliona kigoda cha dobi kimepinduka miguu juu, na kando yake kikombe cha uji bado kinatoa mvuke. Dobi alikuwa amenyanyuka kidogo tu kwenda kuchukua vibanio.

Dobi akarudi. Alisimama tu na vibanio vyake mkononi, akikitazama kigoda. Tiki alitamani ardhi ipasuke immeze.

Aliomba msamaha, akayafua mashuka yote kwa mikono yake mpaka vidole vikakunjamana. Kisha akakifunika Kibiriti kwa turubai, akarudi kwenye kiti chake penye dirisha.

Siku chache baadaye, mkunga alirudi kutoka sokoni akamkuta uani mnunuzi wa vyuma chakavu, na mkokoteni wake ukisubiri.

"Nani amekuita, mwanangu?"

"Mzee. Kasema nibebe lote."

Mkunga aliweka kikapu chini. "Nenda salama. Hapa hakuna maiti." Alipohakikisha kwamba mkokoteni umetoka getini, aliingia ndani.

"Baba watoto, unauza gari langu?"

Tiki hakuinua uso. "Nimeliharibu. Nilitaka kukupa kitu kizuri, nusura nimuue jirani. Tafuta fundi anayejua, mimi sijui."

Mkunga alivuta kigoda, akakaa mbele yake, goti kwa goti, kama alivyozoea kukaa mbele ya wajawazito.

"Mtoto akitanguliza miguu, mkunga hafungi mkoba akaenda zake. Hebu nijibu. Mara ya kwanza ulikosea nini?"

"Uzito. Niliupakia wote mbele."

"Na mara ya pili?"

"Breki. Niliongeza mbio, sikuongeza kusimama."

"Na mara zote mbili?"

Hapo Tiki alijikuna shingo yake ngumu. "Nilimfukuza shemeji."

"Basi anayeyajua hayo matatu ndiye ninayemtaka," mkunga akasema. "Nikimwita mwingine, si ataanza kupotea upya, tena kwa gari langu?"

Tiki aliinua macho. Alitaka kubisha, kwa kuwa kubisha kulikuwa damuni mwake, lakini hakuona pa kushika. Akajikuta anacheka. Kilianza kicheko kidogo cha puani, kikashuka tumboni, mwisho wakacheka wote wawili mpaka vikombe vikalia kabatini. Jioni hiyohiyo alikwenda mwenyewe kwa Spana.

"Shemeji, nimekuja kukuomba mikono yako."

"Mikono ipo," Spana akasema. "Ilikuwa inasubiri shingo yako ilainike."

Walikifungua Kibiriti chote. Tiki alitandika shuka kuukuu, akapanga kila kifaa kwa safu kama alivyopanga vyombo vya saa, na Spana, aliyezoea kutupa nati kwenye ndoo, akakiri kuwa jambo lile lina raha yake. Walifunga breki za pikapu kwenye magurudumu yote. Walipoijaribu injini, maji ya rejeta yalichemka yakaruka kama chemchemi. Tiki hakununa. Alipiga makofi. "Afadhali limejitokeza hapa!" akasema, na kesho yake wakafunga rejeta kubwa. Stelingi ilipovuta kushoto, wakatafuta sababu mpaka wakaipata. Hawakulijaribu gari uchochoroni tena, walilipeleka kwenye uwanja mtupu, na dobi ndiye aliyesimama kando na kitambaa chekundu, akizuia watu kwa ukali wa polisi.

Mkunga alichagua rangi, manjano ya kiini cha yai, akashona viti kwa ngozi nyeusi. Kilipokamilika, Kibiriti kilikuwa kimelala chini, kipana nyuma, chembamba mbele, injini ikimeta nje kama vidani.

Ikafika siku ya maonyesho ya magari yaliyoundwa upya. Shindano kuu lilikuwa hivi: magari mawili mawili yatakimbia kwenye barabara iliyonyooka, kisha kila moja lisimame ndani ya mraba wake uliochorwa kwa chokaa. Atakayeupita mraba ameshindwa, hata angekuwa ametangulia.

Kibiriti kiliwashinda wawili wa mwanzo, na katika fainali kikapangwa na gari jeusi la bwana mmoja aliyevaa miwani ya jua. Lilikuwa jipya, linang'aa kama kiatu cha harusi.

"Bibi, umepotea?" bwana wa miwani akauliza. "Kliniki iko upande ule."

"Nitapita baadaye, mwanangu," mkunga akajibu, akikaza mkanda. "Ukihitaji, nitakubeba."

Bendera ikashuka. Magari yakanguruma pamoja, vumbi likatimka, na watu wote wakasimama. Gari jeusi lilichomoka mbele. Kibiriti kilifuata, kikakaribia, kikawa sambamba nalo. Tiki alikuwa amemshika Spana mkono kwa nguvu hata akamwachia alama. "Sasa," akanong'ona. "Sasa, mama watoto."

Mkunga akakanyaga breki. Kibiriti kilikaza mwili wote, kikateleza hatua chache, kikatulia katikati ya mraba, kinatetemeka kwa furaha. Gari jeusi liliupita mraba wake kama halikuuona, likaenda kujichomeka kwenye ukuta wa tairi kuukuu mwisho wa barabara.

Uwanja ulilipuka kwa shangwe, lakini mshindi hakuzisikia. Alikuwa amekwisha kuruka nje na kukimbilia kwenye ule ukuta wa tairi.

"Tikisa vidole," akamwamuru yule bwana, ambaye miwani yake ilining'inia sikio moja. "Na vya miguu. Vizuri. Umezaliwa mzima."

Tiki naye alifika akihema, akapiga magoti kando ya gurudumu.

"Nani alikufungia breki?"

"Mafundi," bwana yule akasema. "Mimi nilichukua funguo tu, asubuhi ya leo."

"Basi leo ndiyo mara yako ya kwanza kupotea. Usione haya. Nipe tochi." Akajiingiza chini ya gari jeusi. Haikuchukua muda akasema, "Nimeona. Mbele zinashika, nyuma zimelala. Njoo utazame mwenyewe."

Bwana wa miwani aliyatazama mavazi yake mazuri, akaitazama ardhi, kisha akalala chali kando ya mzee. "Umejuaje upesi hivyo?"

"Mwanangu, njia hiyo nimekwisha kuipita, na mashuka ya watu kichwani."

Kipaza sauti kiliwaita washindi jukwaani, kikaita tena. Zilizoonekana chini ya gari jeusi zilikuwa jozi mbili za miguu tu, na sauti ya Tiki ikifundisha bila kupumua. Mkunga akaenda peke yake kupokea kombe. Mwenye kipaza sauti alipomuuliza ni fundi gani mkubwa aliyeunda gari lile, alimnyooshea kidole mwenye ndara zilizojaa vumbi.

"Ni yule pale," akasema, huku cheko lake likitikisa spika za uwanja mzima. "Alipotea mara nyingi kuliko wote waliokuja hapa, na kupotea njia ndiko kujua njia."