Fisi Aliyeikataa Njaa

Paukwa.
"Pakawa."
Pakawa kweli, au mnaniitikia ili nimalize upesi?
"Pakawa kweli."
Haya. Na wewe uliyekalia kinu, leo usiniulize kama nilikuwepo. Sikuwepo. Tunaendelea.

Kiangazi kilikuwa kikali. Ukoo wa nguchiro ulikuwa umeficha kumbikumbi wakavu ndani ya kichuguu, akiba ya kuwavusha watoto mpaka mvua. Akaja Fisi, chopi chopi, chopi chopi, miwani puani.

"Mimi ni mtafiti wa jamii," akasema. "Nataka kujua kama njaa huleta ugomvi. Nusu yenu watakula, nusu hawatakula, mimi nitatazama."

"Na chakula cha wasiokula?" akauliza Bi Nguchiro, mama wa ukoo.

"Nitakihifadhi."

Akakihifadhi tumboni. Nyafu nyafu, nyafu nyafu. Nani angemzuia? Mtafiti mwenye meno yale hakataliwi.

Watoto wakaanza kulia. Bi Nguchiro akamwendea.

"Bwana Mtafiti, watoto wana njaa."

"Umeiona hiyo njaa?"

"Sijaiona."

"Umeishika?"

"Nitaishikaje?"

"Umeipima?"

"Sijaipima."

"Basi haipo. Sayansi, mama, ni kuona, kushika na kupima. Mengine porojo."

Fisi akakaa kungoja ugomvi. Ugomvi haukuja. Waliopewa chakula walikitafuna nusu, nusu wakawapenyezea wenzao.

"Mnaniharibia jaribio," Fisi akafoka. "Ninyi wenye njaa, mbona hampigani? Piganeni basi, jamani, nina kazi zangu."

Kwa hasira akahifadhi zaidi. Nyafu nyafu, nyafu nyafu. Tumbo likawa ngoma.

"Bwana Mtafiti, watoto wana njaa."

"Umeiona? Umeishika? Umeipima?"

"Basi haipo," akamalizia Bi Nguchiro mwenyewe, amechoka naye mpaka kwenye mkia. Akaenda kando, akashika kichwa, akarudi.

"Bwana Mtafiti, kinachoharibu jaribio ni wewe."

"Mimi?"

"Unaonekana. Hata mtoto mtukutu, mgeni akiwepo, anakaa mpole kama bwana harusi. Hawa wanajitia adabu kwa sababu yako. Jifiche, utaona watakavyoraruana."

Fisi akachekelea. "Nijifiche wapi?"

"Gogo lile lina uvungu, na mbele lina tundu la kuchungulia. Ingia."

Akaingiza kichwa. Akaingiza kifua. Tumbo likagoma.

"Nisukumeni."

Wakamsukuma ukoo mzima, waliokula na wasiokula, bega kwa bega. Kwi! Akakwama.

Kupitia tundu akawaona wote wameizunguka akiba iliyobaki. Karu karu, karu karu.

"Nitoeni."

"Nyamaza, bwana," akasema Bi Nguchiro. "Wakikusikia watajitia adabu tena."

Jua likazama, likachomoza, likazama tena. Tumbo la Fisi likanguruma, ngororo, ngororo.

"Bi Nguchiro, mama yangu, nina njaa."

"Umeiona?"

"Sioni hata tumbo langu."

"Umeishika?"

"Gogo limenibana, mkono haufiki."

"Umeipima?"

"Inapimwaje, mama wee? Si njaa tu."

"Basi haipo."

Haikuwepo, lakini ilimkondesha. Akakonda, akakonda, mpaka siku moja, churupu, akateleza nje. Mvua ilikwisha kunyesha, nguchiro wamehama, watoto wamenenepa. Fisi akafuta miwani, akaenda kutangaza porini kwamba jaribio limefaulu: njaa haileti ugomvi hata kidogo, kwani yeye mwenyewe alishinda nayo ndani ya gogo na hakupigana na mtu.

Funzo, wanangu: mwaminini kila anayewafanyia jaribio, hasa anapojitolea kuwahifadhia chakula. Na tumbo likinguruma, msikimbilie jikoni. Tafuteni kwanza mizani.

Hadithi naifungia hapo. Tamu yake gawaneni, chungu yake apewe huyu wa kwenye kinu, maana namwona amenyoosha mkono. Sema.

"Babu, ulimwona Fisi akitoka kwenye gogo?"

Sikumwona. Basi hakutoka. Yumo humo mpaka leo, nenda kamvute.